Tundu la Pili Chini ya Kiti

Shemeji yangu alikuwa amepiga goti moja. Tangi lilikuwa limelala mbele yake juu ya tairi bovu, na moto wa gesi ulikuwa umeshona mpasuko kwa upana wa kiganja tu. Mimi nilisimama ubavuni kwake na kopo la maji, kama nilivyozoea kusimama, nipooze mshono akiniambia. Akasema bila kuinua kichwa, "Shemeji, sogea kidogo, unaniwekea kivuli." Nikasogea. Hatua hiyo ndiyo iliyoniacha hai, na wapo hadi leo wanaoniuliza kwa nini nilisogea, kana kwamba kuna kitu nilikuwa nakijua.

Mlio sikuusikia. Waliokuwa ng'ambo ya barabara wanasema mabati ya gereji yalinyanyuka yakarudi. Mimi nilijikuta nimekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa tofali, kopo bado liko mkononi ila maji hayamo, na mkono wenyewe nikautazama kama wa mtu mwingine. Nikamtafuta shemeji pale kwenye tairi. Tairi lilikuwepo.

Tangi nalo lilikuwepo, karibu na miguu yangu, limefunguka kama boga lililopasuliwa. Na ndani yake nikaona kitu ambacho hakikutakiwa kuwemo. Ukuta. Siyo zile bati zenye matundu ambazo wanaotengeneza matangi huziweka ili mafuta yasichezecheze gari likiruka mashimo. Hizo nazijua, nimeziosha miaka. Huu ulikuwa ukuta mzima, umechomelewa pande zote, umelikata tangi vyumba viwili. Chumba cha mbele, nilichokiosha mimi, kilikuwa cheupe kwa usafi. Cha nyuma kilikuwa cheusi, na moto mdogo ulikuwa bado unatambaa kwenye kingo zake. Nikautazama ule ukuta mpaka macho yakajifunga.

Naandika haya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia vidole vyake vimeshikana, na sikio la upande huo halisikii. Shule niliishia darasa la nne, nikarudishwa nyumbani kuchunga mbuzi, kwa hiyo anayesoma asitafute maneno ya kupendeza. Nataka jambo moja tu lieleweke, na nitalieleza tangu mwanzo.

Kazi yangu ilikuwa kuosha matangi ya mafuta. Watu hucheka wakisikia, wanadhani ni kama kuosha sufuria. Hapa Singida Mjini magari ya zamani bado ni mengi, hasa hizi landrova za bati ambazo watu wa vijijini hawataki kuziacha, kwa sababu zinapanda kule magari mapya yanakozimia. Landrova ya namna hiyo tangi lake limekaa chini ya kiti cha mbele. Ukitaka kujaza mafuta unamwambia abiria ashuke, unanyanyua godoro la kiti, unafungua kifuniko. Mtu anasafiri kutoka Sekenke mpaka hapa amekalia mafuta na wala hana habari.

Tangi hilo linaoza kwa chini. Tope linaganda juu yake, maji yanakaa humo, kutu inaanza kula. Na wenye magari wengi wana ujinga mmoja ambao huku kwetu ndio unaotulisha mafundi: wanakwenda kuoshea magari ziwani. Wanaliingiza gari Singidani mpaka nusu ya magurudumu, wanalimwagia yale maji ya chumvi, wanaondoka linang'aa. Mwaka haujapita tangi linavuja. Mimi gari lililooshwa ziwani nalijua bila kuambiwa, kutu yake inabanduka kama maganda ya kitunguu.

Tangi linalovuja dereva huanza kwa kulipaka sabuni ya mche. Sabuni inaziba, mafuta hayaiyeyushi, anatembea nayo wiki. Ikishindikana ndiyo analeta kwetu. Hapo naanza mimi. Namwaga mafuta yaliyobaki, naweka kokoto ndogo nilizookota kwenye majabali, natia maji ya moto na sabuni ya unga, nafunga mdomo kwa tambara, natikisa. Natikisa mpaka mabega yanawaka. Kokoto zinakwaruza kutu na mashapo ya mafuta. Namwaga, natia maji mengine, natikisa tena. Maji yakitoka safi kiasi cha kufulia, nasimamisha tangi juani mdomo ukiwa wazi, na upepo wa hapa kwetu unamalizia.

Hiyo ni kwa tangi la diseli. Tangi la petroli lina masharti yake. Hilo naliosha, linalala juani, naliosha tena, halafu tunaliunganisha na bomba la moshi la gari jingine na kuingiza moshi mpaka tangi lenyewe linapata joto. Baada ya hapo tunalijaza maji mpaka shingoni, tunaacha mahali padogo tu pa kupitisha moto. Petroli ikiwemo ndani kwa wingi si ya kutisha kama ile ambayo imekwisha. Tangi tupu la petroli ndilo linaloua, kwa sababu mvuke uliobaki humo hauonekani.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa fundi wa kuchomelea. Mtu wa Kintinku, mpole, mwenye utani wa pembeni. Alikuwa haamini tangi la mtu yeyote. Hata liwe la diseli, hata niwe nimeliosha mimi mwenyewe, lazima alijaribu. Anafunga tambara kwenye ncha ya fito ndefu, analiwasha, anajificha nyuma ya ukuta, ananyoosha ule moto mpaka kwenye mdomo wa tangi. Mafundi wa gereji za jirani walikuwa wanamcheka.

"Huyo anapika ugali kwa mbali," walisema.

Naye anawajibu, "Mimi nina mke mzuri, nyie endeleeni kusogelea."

Narudia hapa ili isisahaulike: hakuwa mzembe.

Sasa siku tatizo lilipokuja, tangi lilikuja limeshafunguliwa. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo nimelifikiria sana. Kwa kawaida gari linaletwa, tunaingia chini wenyewe, tunalegeza nati, tunashusha tangi. Safari hii dereva alikuja na tangi peke yake nyuma ya pikipiki ya kukodi, gari lenyewe wameliacha nyumbani kwa tajiri wake, mwenye gari. Nikamuuliza kwa nini amejisumbua. Akasema tajiri ana haraka, ameona wafungue wenyewe. Nikalitazama. Nje lote lilikuwa limepakwa lami, nene, bado inanata kwenye vidole.

"Hii lami ya nini?"

"Kuzuia kutu, mama. Tajiri alishauriwa."

"Alishauriwa akiwa tayari linavuja?"

Dereva akacheka. Ni mtu wa rika la wadogo zangu, ana tabia ya kucheka akitaka uondoke. "Mama, mimi naendesha tu. Mengine muulize mwenyewe."

Mimi na wenzangu tulikuwa tunamjua mwenyewe. Mtu wa Iramba, ana maduka, ana mashamba ya alizeti, ana hilo landrova la baba yake alilolirithi na kulitia injini ya diseli. Watu wanamheshimu. Akipita sokoni shikamoo zinamfuata njia nzima.

Nikaanza kuosha. Mdomo ulikuwa mmoja, kama matangi yote ya aina ile. Harufu diseli, tena diseli ya kawaida. Nikatia kokoto, nikafunga, nikatikisa. Hapo ndipo mikono yangu ilipokataa. Ukitikisa tangi, kokoto zinasafiri kutoka huku mpaka kule, zinagonga bati za katikati, zinapenya kwenye matundu yake, unasikia zinamwagika upande wa pili, zinarudi. Hizi zilikuwa zinakwenda kidogo zinagonga zinarudi. Upande wa pili hazifiki. Nikaligeuza, hazifiki. Nikaligonga kwa kishikio cha spana: mbele linalia hivi, nyuma linalia vingine.

Nikamwita shemeji. "Njoo usikilize. Kokoto hazivuki."

Akaja, akainamisha sikio, akatikisa mwenyewe. Kisha akasema, "Labda mashapo yameziba matundu."

"Yazibe yote?"

"Ndiyo nakuuliza wewe mwenye mikono."

Tukaliacha. Shemeji akamwambia mwenye gereji kwamba tangi hili hatulichomi mpaka tajiri aje aseme ndani kuna nini. Mwenye gereji akakunja uso, maana tajiri alikuwa mteja wake mkubwa na mwenye gereji hapendi kumwita mteja mkubwa aje kuulizwa maswali na muosha matangi. Lakini alimpigia.

Tajiri alikuja kabla ya adhuhuri, amevaa shati jeupe, dereva nyuma yake. Nikaweka tangi chini, nikafuta mikono kwenye kanga, nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Mnasema tangi langu linawashinda?"

"Halitushindi. Nauliza ndani kuna nini. Kokoto zinaishia katikati."

Akatabasamu akamtazama mwenye gereji, si mimi. "Huyu amesomea chuo gani?"

Mwenye gereji akacheka. Dereva akacheka. Shemeji yangu hakucheka. Akasema, taratibu kama kawaida yake, "Bosi, shemeji yangu akiuliza, mimi siwashi moto mpaka ajibiwe. Hili tangi lina kitu?"

"Ndani kuna ukuta wa kuzuia mafuta yasicheze," tajiri akasema. "Matangi yote ya landrova yanao. Nyie mafundi gani hamjui?"

"Huo tunaujua," nikasema. "Una matundu. Huu hauna."

"Yameziba. Gari la tangu baba yangu, mnataka lisizibe?"

"Halijawahi kuwekwa petroli?"

Hilo swali niliuliza mimi kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama mbele yake. Wenye masikio walikuwa wanne: mimi, shemeji, mwenye gereji na dereva. Mmoja amekufa. Wawili hawataki kusema walichosikia.

Tajiri akasema, "Mama, injini ni ya diseli. Petroli ya nini humo?"

Mimi nikamuuliza tena. Siyo kwa ubishi, ila jibu lake lilikuwa swali, na mimi sikuwa nataka swali. "Kwa hiyo ni diseli tu. Tangu lilipofungwa."

"Diseli tu."

Wakati huo dereva alikuwa anatazama viatu vyake.

Baada ya kuambiwa hivyo na mwenye mali, mbele ya mwenye gereji, utafanya nini? Mali ni yake. Neno ni lake. Mimi nililiosha tena, mara nyingi kuliko tangi lolote la diseli nililowahi kuosha, mpaka mwenye gereji akanigombeza kwamba namaliza maji na maji kiangazi hiki yanatafutwa. Nikalianika. Tulipolirudia, shemeji akachukua fito yake, akafunga tambara, akajificha nyuma ya ukuta, akanyoosha moto mpaka mdomoni mwa tangi. Hakikuwaka kitu. Akalirudia upande mwingine wa upepo. Kimya. Akatia maji nusu, akalilaza juu ya tairi, mpasuko ukatazama juu.

"Una wasiwasi bado?" akaniuliza.

"Ninao."

"Hata mimi. Lakini ameapa mwenyewe."

Akawasha gesi. Mpasuko ulikuwa kwenye mshono wa chini, pale katikati. Sasa najua ulikuwa jirani kabisa na ule ukuta. Joto la moto lilipita kwenye bati likaingia chumba cha nyuma, ambacho maji yangu hayakukifikia, wala kokoto, wala fito ya shemeji. Kilichofuata nimeshakisema.

Nilizinduka hospitali nimefungwa kama mzigo. Mdogo wangu hakuwepo. Niliambiwa yuko Kintinku, mumewe wamekwenda kumzika kwao. Sikuzika. Nilikuwa nimelala hapo, nikinusa ngozi yangu mwenyewe, watu wakipishana kunitazama.

Kati ya waliokuja alikuwemo tajiri. Alileta matunda na juisi kwenye mfuko, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaweka kofia juu ya goti. Alikuwa anaongea kwa sauti ya msibani. Kazi ya Mungu, mama, hakuna aliyejua. Mimi midomo ilikuwa imevimba, maneno yanatoka kwa shida, lakini nilimwambia, "Ndani kulikuwa na ukuta mzima. Nimeuona."

Akatikisa kichwa. "Ulikuwa umeumia, mama. Mtu akiumia anaona vitu."

"Chumba cha nyuma kilikuwa na petroli."

Naye, bila kufikiri, kama mtu anayejitetea kwa mkewe, akasema, "Lakini tangi la nyuma lilikuwa tupu."

Nikamtazama. Na yeye akanitazama. Kofia ikaanguka kutoka kwenye goti lake, hakuiokota.

"La nyuma lipi?" nikamuuliza.

Akasimama. Akasema nipumzike, akasema ataongea na madaktari. Alitoka haraka mpaka akaiacha kofia, muuguzi ndiye aliyemkimbilia nayo. Mimi nililala pale nikiwa naielewa kazi yote. Alikuwa na chumba cha siri, alikuwa anajua, na kabla ya kulileta tangi alikuwa amekikausha, mdomo wake akauziba na kuufunika kwa ile lami. Akadhani akishakikausha kimekuwa salama. Angeuliza fundi yeyote, angeuliza hata mimi, angeambiwa kwamba tupu ndiyo mbaya. Lakini kuuliza ni kusema kwamba kipo. Hilo hakuwa tayari.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kwanza gereji. Pale tulipokuwa tunafanyia kazi palikuwa pamefagiliwa. Nikamuuliza mwenye gereji tangi liko wapi.

"Lilikwenda skrepa," akasema. "Na vyuma vingine. Gari la vyuma lilipita."

"Mara hiyo? Kabla hata mimi sijatoka hospitali?"

"Dada, ulitaka nikae na kitu kama kile hapa? Wateja wangeingia?"

"Uliuona ukuta?"

Alikuwa anafunga boliti ambayo tayari ilikuwa imekaza. "Lilikuwa limepinda pinda. Mimi nitajuaje ukuta na siyo ukuta?"

"Tajiri alisema diseli tu. Ulikuwepo."

"Yalisemwa mengi siku ile. Sikumbuki."

Mtu huyu nimefanya naye kazi tangu mtoto wake wa kwanza ananyonya. Anakumbuka gari la kila mteja na kila boliti iliyopotea. Hilo peke yake hakumbuki.

Kutoka pale nilipanda basi kwenda Kintinku. Nilijifunika kanga usoni, si kwa aibu, ila watoto walikuwa wanalia wakiniona. Nilipofika, wakwe wa mdogo wangu walinipokea vizuri, wakaniwekea kigoda, wakaniletea maji. Kaburi lilikuwa bado jekundu. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mtama. Nikamsalimia kwa Kinyaturu, lugha ya mama yetu, ile tunayoitumia tukiwa wawili. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Karibu," akasema, kama anamkaribisha mtu wa sensa.

Nikakaa chini karibu yake. Ungo ukawa unapanda na kushuka. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Nataka nikuulize na unijibu. Ulilichoka?"

"Nililichoka nini?"

"Tangi. Wanasema ulichoka, ukaliosha nusu. Tajiri alikuja hapa msibani na magunia ya mchele. Aliongea na wazee. Alisema hamlaumu mtu, ila tangi halikuoshwa vizuri. Aliongea kwa upole kabisa, dada. Alilia."

Nikamweleza yote: kokoto, ukuta, swali langu, jibu lake, fito, na lile neno la hospitali. Alisikiliza. Alipomaliza kupepeta akamwaga mtama kwenye sufuria, akaanza mwingine.

"Nani mwingine alilisikia hilo jibu?"

"Mumeo alisikia."

Ungo ukasimama. Nilijua nimesema vibaya, lakini ndiyo kweli yenyewe, sina nyingine.

"Basi," akasema, "nitaamini nini mimi? Nimeachwa na neno lako na neno la mzee aliyelia mbele ya wazee."

Niliondoka siku hiyo hiyo. Hakunisindikiza mpaka barabarani. Kwetu mgeni husindikizwa, hata mgeni mbaya.

Tangu wakati huo mdogo wangu hanipigii simu. Nikimpigia anapokea mkwe wake, ananiambia yupo shambani. Na gereji hakuna anayenipa tangi. Hawanifukuzi; wananiambia kaa, dada, upumzike, mkono huo. Lakini nawasikia wakimwambia mteja, "Hili tutaliosha wenyewe."

Sasa kuna jambo la juzi juzi, na ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Nilikuwa natoka sokoni na mboga zangu. Pale upande wanapoegesha magari ya Iramba nikaliona. Landrova lile lile, rangi ile ile ya majani makavu, limepakia magunia nyuma na abiria wawili watatu wanasubiri kivulini. Mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Dereva hakuwepo. Mlango wa abiria ulikuwa wazi kwa ajili ya joto.

Sikupanga. Miguu ilikwenda yenyewe. Niliweka mboga chini, nikashika godoro la kiti kwa mkono wa kushoto, nikalinyanyua.

Yule mama akasema, "Dada, hapo ni pangu, nimeshalipia."

"Subiri kidogo, mwanangu. Usikae hapa kwanza."

Chini ya godoro kuna boksi la bati. Kwenye boksi pana tundu la mviringo, na kifuniko cha tangi kinachungulia kutoka humo. Hilo ndilo tundu la siku zote. Lakini nyuma yake, karibu na mgongo wa kiti, palikuwa na kipande cha mpira wa tairi kimekatwa vizuri kimebanwa kwa boliti mbili za mkono, zile za kulegeza bila spana. Nikalegeza moja. Mpira ukazunguka. Chini yake tundu la pili, na ndani ya tundu la pili kifuniko kingine, kipya, cha tangi jipya. Nikainamisha pua.

Sikio wamenichukulia, vidole wamenichukulia. Pua ninayo. Ile ilikuwa petroli. Ndani ya gari la diseli, chini ya kiti ambacho mama na mtoto wake walikuwa wanakwenda kukikalia mpaka Sekenke.

"Mama, unafanya nini kwenye gari la watu?"

Alikuwa dereva. Ana soda mkononi. Aliponitambua soda ikashuka taratibu.

"Nataka unieleze tundu hili la nini," nikamwambia.

"Funika, mama. Tafadhali."

"La nini?"

Akatazama abiria, akatazama barabara, akasogea karibu. "Pampu za wachimbaji wa dhahabu kule Sekenke zinakunywa nini, maji? Polisi wa njiani wakiona madumu ya petroli wanauliza kibali. Wakiona tangi hawaulizi. Umefurahi?"

"Siku ile ulijua."

"Mimi naendesha tu."

"Ulisimama pale ukatazama viatu. Ulijua, na fundi alikuwa anakwenda kuwasha gesi."

Sikupandisha sauti. Yeye ndiye aliyekuwa kama ananipigia magoti bila kupiga. "Mama, mimi nina watoto."

"Na aliyekufa alikuwa nao."

"Ukisema nimekwambia, nitakataa," akasema. "Nisamehe, lakini nitakataa." Akachukua godoro mikononi mwangu, akalirudisha, akalipiga makofi likae sawa. Kisha akamwita yule mama apande. Nikamwambia yule mama asipande. Nikamwambia anakwenda kukalia petroli. Akamtazama dereva, akanitazama mimi na uso wangu, na kati ya sisi wawili akamchagua dereva. Akapanda. Mtoto alikuwa amelala. Gari likaondoka.

Siku zilizofuata nilikutana na tajiri barabarani mara moja. Watu walikuwa wanamwamkia. Mimi nilisimama mbele yake nikamtazama usoni, sikumwamkia. Mtu mzima kama mimi, huku kwetu, kutomwamkia aliyenizidi ni jambo la kuongelewa mtaa mzima, na liliongelewa. Wakasema moto umeniharibu na akili. Waseme. Mtu aliyeniambia "diseli tu" shikamoo yangu hataipata.

Sitafuti mchele wake. Sitafuti mkono wangu, haurudi. Nimewataja hapa kwa walichofanya. Wewe mwenye gari ulisema uongo ukiwa umeulizwa mara mbili, ukaenda kulia kwenye msiba ulioutengeneza. Wewe dereva ulinyamaza. Wewe mwenye gereji uliuza ukuta ule skrepa, na kumbukumbu yako ukaiuza pamoja nao.

Nawe mwenye gari bado sijamaliza. Tangi jipya nalo litaoza. Gari ulilipeleka ziwani kuoshwa, niliona chumvi imekauka kwenye rimu. Litavuja, na siku hiyo utamtuma dereva alipake lami alipeleke kwa fundi mwingine, na fundi huyo atauliza ndani kuna nini. Utamwambia nini?

Kabla ya siku hiyo, lipeleke landrova Kintinku. Mchana, wazee wakiwepo, wale wale uliolia mbele yao. Mwite mdogo wangu kutoka shambani, asimame mlangoni mwa gari. Nyanyua godoro kwa mkono wako, legeza zile boliti mbili, usogeze mpira, umwambie tundu la pili ni la nini na lilikuwepo tangu lini. Mimi nitakuwa nimesimama pembeni. Sitasema neno. Nataka umjibu yeye.